Bi Lamduan Inthawong na Panya Arobaini

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Bunsi Inthawong, hekaluni Pa Sak Noi, Jumatatu tarehe 18 Machi 2024, saa tisa alasiri, kabla ya mwili kupelekwa kwenye tanuri la kuchomea maiti.

Marehemu Lamduan Inthawong, ambaye karibu kila aliyeketi hapa alimwita Dada Duan au Shangazi Duan, alizaliwa Jumanne tarehe 7 Novemba 1961 katika kijiji cha Huai Mai, wilaya ya Long, mkoa wa Phrae. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kham Inthawong, aliyekuwa akichochea moto katika mabanda ya kukaushia tumbaku, na Bi Buathip, muuza tambi za mchele. Walizaliwa watoto wanne, wakakua wawili: yeye, na huyu anayewasomea, aliyekuja miaka mitano baadaye. Mama yao alikuwa akisema kwamba Duan alizaliwa kimya, akawatazama watu wa chumbani mmoja mmoja kama mkaguzi, ndipo akalia.

Alianza masomo katika shule ya hekalu pale kijijini mwaka 1968. Alipokuwa darasa la nne mwalimu wake alimpa alama tisini na mbili za hesabu. Duan akaenda nazo nyumbani, akazihesabu upya, na kesho yake akaipeleka karatasi mbele ya darasa zima. "Mwalimu, umejumlisha vibaya. Ni themanini na mbili." Mwalimu alimchapa viboko viwili kwa kumwaibisha, kisha akambadilishia alama. Mama yao aliposikia alishika kiuno. "We mtoto, ungenyamaza ungekufa?" Baba yao alifariki mwaka 1973, naye akaacha shule akaenda kupanga majani ya tumbaku. Masomo aliyamalizia katika madarasa ya watu wazima, na kati ya 1981 na 1983 alisomea ufugaji katika chuo kimoja cha Lampang. Alikuwa msichana wa kwanza wa Huai Mai kupata cheti chenye picha yake.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa kutunza panya katika taasisi ya utafiti mjini Chiang Mai. Taasisi yenyewe imeomba isitajwe jina katika kijitabu hiki, na familia imekubali, ingawa nusu ya waliohudhuria wamekuja na basi lake.

Kazi ya maabara aliyopangiwa ilikuwa ini. Wengi wetu hapa, hata wasioonja pombe, maini yao yanajaa mafuta, na mafuta yakikaa miaka mingi ini linakakamaa na kuacha kazi. Watafiti waliwalisha panya mafuta ya nguruwe na sukari hadi maini yao yakanenepa, kisha wakazichunguza jeni za maini hayo, zipi zimeamka na zipi zimelala. Jeni iliyo macho huacha alama ambazo mashine huzisoma, lakini alama hizo huoza upesi kuliko samaki. Panya akishakufa, ini linatakiwa litolewe na kuzamishwa katika naitrojeni baridi kabla dakika moja haijapita. Dada Duan alitumia sekunde thelathini na nane. Walikuja watu kutoka Bangkok wakiwa na saa mkononi kuhakikisha, wakarudi wameridhika.

Kabla ya kila mnyama alimshika kiganjani, akamnong'oneza, "Nisamehe, mdogo wangu. Sina ugomvi nawe." Hapo hapo mezani, kabla hajamgusa anayefuata, aliandika namba ya panya yule katika daftari lake binafsi, ili siku ya sadaka ya wanyama wa maabara awataje wote mbele ya watawa. Wanafunzi walimcheka sana.

"Shangazi, mwaka huu ni mia tatu. Watawa watasinzia."

"Wasinzie tu. Mimi sitasinzia."

Mume wake, Prayun Thipsing, alimpata kwa sababu ya jokofu. Mwezi Mei 1987 jokofu kubwa la maabara lilikufa mchana wa jua kali, akaitwa fundi. Prayun alifungua kifuniko, akachungulia, akacheka. "Dada, haraka yote hii ni ya maini ya panya tu?" Duan, aliyekuwa amekumbatia sanduku la barafu, akamjibu, "Ndiyo, ni maini tu. Na wewe ni fundi tu. Tengeneza." Alitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuliangalia jokofu ambalo halikuwa na tatizo lolote, na wiki iliyofuata tena, mpaka mlinzi wa getini akamuuliza kama ameajiriwa. Walioana tarehe 14 Februari 1988, wakajaliwa binti mmoja, Wanna. Prayun alifariki kwa homa tarehe 3 Oktoba 2009, na Dada Duan hakuolewa tena.

Hapa wasifu wa kawaida ungeruka hadi ugonjwa. Baadhi ya ndugu waliomba huu nao uruke. Wanna, binti yake, alisema, "Mjomba, soma yote au usisome kabisa." Basi yatasomwa yote.

Mwaka 2011 mkuu wa maabara, Profesa Orathai Wisetkun, alikuwa na panya arobaini. Ishirini walikuwa wamelishwa mafuta na sukari kwa wiki ishirini na nne, na ishirini walikuwa wembamba, wa kulinganishia. Utaratibu ulikuwa wazi: wote wamalizwe asubuhi moja, kwa zamu, mnene mmoja na mwembamba mmoja, hadi waishe. Naitrojeni ilichelewa kufika, siku zikasogezwa, na kazi ikaangukia Alhamisi tarehe 12 Mei. Siku hiyo hiyo watawa tisa walikuwa wamealikwa kuja kuwasomea dua wanyama wa maabara. Wiki ishirini na nne hazikuweza kuongezwa, na watawa walioalikwa hakuna anayethubutu kuwaambia wasije.

Asubuhi ile Dada Duan alisimama peke yake mbele ya vizimba. Wale wanene walikuwa wamelala ubavu, wanapumua kwa shida. Aliwaonea huruma, na huruma hiyo hakuwahi kuikana. Aliona kwamba hawa ndio walioteseka zaidi, basi angalau wao waisikie dua wakiwa hai. Kuanzia saa mbili hadi saa nne akawamaliza wembamba wote ishirini. Saa nne na nusu watawa wakaanza kusoma, naye akavisogeza vizimba vya wanene hadi mlangoni ili sauti iwafikie. Chakula cha watawa kikaliwa, maji ya baraka yakanyunyizwa. Saa saba mchana akarudi mezani, na kufikia saa tisa wanene ishirini walikuwa wamekwisha.

Fomu ya maabara ilikuwa imeshachapwa kwa mpangilio wa zamu. Alitia alama ya vema kila mstari, moja hadi arobaini. Maini yote yalikuwapo, tena yametolewa kwa mkono usiotetemeka. Zamu, kwake, ilikuwa unadhifu wa ofisini tu.

Matokeo yalipotoka maabara ilipiga kelele za furaha. Kulikuwa na jeni moja ambayo katika maini manene ilikuwa macho mara tatu kuliko katika yale membamba, panya wote ishirini, bila hata mmoja kukosa. Wakaiita Jeni ya Mwalimu, kwa kuwa Profesa wote walimwita Mwalimu. Makala ilichapishwa mwaka 2013. Ikatafutwa dawa ya kuilaza jeni hiyo, na hospitali moja ikakubali kuijaribu kwa wagonjwa thelathini. Mwalimu Orathai hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Baba yake alikufa kwa ini lililokakamaa akiwa na miaka hamsini, na aliposema anataka kuwaokoa watu, alimaanisha.

Mmoja wa wagonjwa wale thelathini alikuwa Bunsi, mdogo wake marehemu. Ini lake lilikuwa limeanza kuwa gumu, na daktari alikuwa amemwambia asifanye mipango ya miaka mingi. Katika orodha alikuwa namba nne. Dozi ya kwanza ilipangwa Jumatatu tarehe 7 Septemba 2015.

Jumamosi tarehe 22 Agosti, wiki mbili kabla, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aitwaye Phatcharin, ambaye wote tunamwita Fai, alikuwa analia kwenye sinki la maabara. Alikuwa amepewa kazi ya kurudia jaribio la Mwalimu, na alilirudia mara tatu, kwa zamu kamili, asiione ile jeni ikipanda.

"Shangazi, Mwalimu anasema mikono yangu mizito. Nitafukuzwa mimi."

"Mikono yako mizuri. Futa kamasi. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, ndiyo shida! Isipokuwa juzi. Nilichelewa, nikamaliza wachache saa nane mchana. Wembamba, Shangazi, ambao hawajaonja mafuta hata chembe. Na jeni ilikuwa juu mara tatu."

"Saa nane?"

"Si wanakula usiku, mchana wanalala? Ikifika saa nane tumbo limeshakaa tupu, ini linaanza kujichoma akiba. Jeni ile inafuata saa, Shangazi. Mafuta hayahusiki. Sasa Mwalimu alipataje..." Fai akajifuta uso kwa mkono. "Lakini fomu yake inaonyesha zamu. Basi nimekosea mimi."

Dada Duan hakumwambia Fai alichokumbuka. Alienda nyumbani, akafungua daftari lake la mwaka 2011, akalisoma. Namba za wembamba ishirini zilikuwa juu. Chini yake mstari, na maneno "watawa wamesoma, saa nne na nusu mpaka saa sita". Chini ya mstari namba za wanene ishirini.

Alikaa nalo siku tisa. Zile siku tisa zilimzeesha. Akisema, dawa ya mdogo wake ingekufa, na jina la mwanamke aliyemfanyia kazi miaka ishirini lingechafuka. Akinyamaza, watu thelathini wangemeza dawa iliyotengenezwa kwa sababu ya saa ya mchana, na wa nne kati yao ni ndugu yake wa damu. Hakuna aliyejua dawa ile ingefanya nini ndani ya ini ambalo jeni yake haikuwa na kosa. Huenda isingefanya lolote, na huenda ingeua.

Na katika siku hizo tisa Bunsi alikuwa akimjia kila jioni, mchangamfu kama bwana harusi. Alikuwa amenyoa nywele. Alikuwa ameacha ngozi ya nguruwe ya kukaanga, aliyoipenda kuliko watu wengi.

"Dada, namba nne! Watu mia wameomba, mimi namba nne. Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, sahani imejaa? Au umeanza kuogopa kwa niaba yangu? Usiogope. Dawa ni ya kwenu, si umeipika wewe mwenyewe?"

Alicheka. Dada yake aliinuka akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Jumatatu tarehe 31 Agosti, saa mbili asubuhi, aliingia ofisini kwa Mwalimu Orathai, akafunga mlango, akapiga magoti, akalifungua daftari juu ya zulia. Alieleza kila kitu, tangu vizimba hadi fomu. Fai alikuwa chumba cha pili na alisikia.

"Dada Duan, inuka kwanza," Mwalimu alisema. "Inuka, tafadhali. Fomu ina saini yako. Inasema zamu."

"Niliandika uongo, Mwalimu. Sikujua kwamba ni uongo mkubwa."

"Miaka minne. Miaka minne hukusema, unasema leo, zimebaki siku saba!"

"Nimejua juzi tu maana yake."

"Daftari la dua. Unataka niende kwa wakubwa na daftari la dua?" Sauti yake ilipasuka. "Kuna watu thelathini wanangoja. Ndugu yako anangoja. Umemfikiria?"

"Sijafikiria kingine, Mwalimu."

Mwalimu hakuamini. Au hakuweza kuamini, ambalo ni jambo jingine. Dada Duan alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, akarudia maneno yale yale. Ikaitwa kamati ya watu watano, ikae Ijumaa tarehe 4 Septemba.

Jumatano, tarehe 2, Mwalimu Orathai alifika nyumbani kwa Bunsi akiwa na mfuko wa matunda ya longani. Aliketi kwenye mkeka. Hakutishia mtu, na lazima hilo lisemwe.

"Bwana Bunsi, tangu shemeji yako afariki, dada yako si amekuwa akisahau?"

"Kila mtu anasahau, Mwalimu."

"Anachanganya siku? Anachanganya mambo?"

"Ana huzuni. Siku nyingine anaweka sahani ya marehemu mezani."

"Kamati ikimsikiliza yeye peke yake, Jumatatu hakuna dawa. Mimi naamini amechanganyikiwa. Wewe unamjua kuliko mimi. Kama nawe unaamini hivyo, hapa pana barua."

Barua ilisema kwamba Bi Lamduan Inthawong amepoteza kumbukumbu tangu mwaka 2009, kwamba hukumbuka mambo ambayo hayakutokea, na kwamba familia inaomba maneno yake yasipewe uzito. Bunsi aliisoma mara mbili. Alimjua dada yake. Alijua kwamba mtu yule angeweza kukuambia alikula nini siku ya mazishi ya baba yao. Lakini alitaka kuishi. Akatia saini. Akazila zile longani baada ya Mwalimu kuondoka, mfuko mzima.

Ndugu waliomba sehemu hii iondolewe. Imebaki.

Siku ya kamati Dada Duan aliingia saa tatu, akatoka saa sita na nusu. Fai naye aliitwa kueleza majaribio yake matatu, na alikuwa ndani muda wote. Vichupa vya maini ya mwaka 2011 vilitolewa kwenye jokofu, jeni nyingine zinazofuata saa zikapimwa, nazo zikakubaliana na daftari: ishirini walikuwa na ini la asubuhi, ishirini walikuwa na ini la mchana. Jumamosi jioni wagonjwa thelathini walipigiwa simu kwamba jaribio limesimamishwa. Mwezi Desemba makala ikafutwa. Fai alianza uzamivu wake upya, akaumaliza mwaka 2020, na leo ana maabara yake mwenyewe. Dada Duan alihamishiwa chumba cha kuoshea vizimba, na huko ndiko alikobaki hadi alipostaafu mwaka 2021. Mwalimu Orathai aliondoka Januari 2016. Ilinong'onwa kwamba hakuondoka kwa ajili ya jaribio, kwani kukosea si kosa la jinai, bali kwa sababu alipeleka barua ya kughushi mbele ya kamati. Bunsi aliisikia minong'ono hiyo. Hakuuliza ni barua gani.

Alikuwa na hasira zake. Jumapili asubuhi, kesho yake baada ya ile simu, alisimama kwenye geti la dada yake, majirani wakiwa wanafagia, akapaza sauti.

"Umeniua, Duan! Panya umewaombea, mimi umeniua!"

Hakumwita dada. Dada yake alikuwa ndani, anasikia. Mtaa mzima ulisikia.

Tangu siku hiyo Bunsi hakumsemesha kwa miaka miwili na miezi minne. Na kila asubuhi ya miaka hiyo, kabla ya kwenda kazini, Dada Duan aliendesha baiskeli yake kilomita tatu akatundika mfuko kwenye geti la Bunsi: mboga za kuchemsha, samaki wa mvuke, wali mchache, na ndani karatasi iliyoandikwa, "Tembea saa moja." Siku za kwanza Bunsi aliwapa mbwa. Mbwa walinenepa, naye akaona aibu, akaanza kula. Kisha akaanza kutembea. Alipungua kilo kumi na tisa. Mwaka 2018 daktari aliangalia ini lake, akaangalia tena, akasema ugumu umesimama pale pale ulipokuwa. Hakuna ajuaye kama ile dawa ingemsaidia au ingemmaliza, kwa sababu haikuwahi kumezwa na mtu. Siku hiyo alitembea hadi kwa dada yake, akasimama mlangoni.

"Umekula?" Dada Duan akamuuliza.

"Bado."

"Ingia."

Hawakuwahi kuzungumzia kamati, siku ile wala siku nyingine. Bunsi alidhani dada yake hajui lolote kuhusu saini. Alishukuru kwa hilo, na shukrani hiyo inamtia haya leo.

Kikohozi kilimwanza Dada Duan Februari 2023, msimu wa moshi, wakati kila mtu hapa kwetu anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyejali. Juni akaambiwa ni saratani ya mapafu, naye hakuwahi kuvuta sigara maishani. Wanna alimhamishia nyumbani kwake Lamphun, akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe, kwani ni muuguzi. Alipata dawa mishipani mara sita. Nywele zilipong'oka alisema sasa anafanana na watawa, labda dua zake zitafika haraka. Hadi mwisho aliwasahihisha wauguzi walipokosea kuandika saa ya dawa.

Jumatano iliyopita, mchana, Bunsi alikuwa peke yake naye hospitalini. Dada yake alikuwa anapumua kwa oksijeni na kuzungumza kwa vipande.

"Bunsi. Pale kwenye kamati nilisema uongo."

"Dada, wewe? Achana na hayo. Pumzika."

"Mmoja. Sikutubu, kwa sababu sikujuta. Lakini umemwangukia mtu. Muulize Fai."

"Nani? Umemwangukia nani?"

Alifumba macho. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Wanna alikuwa amemshika mkono.

Jumamosi, hapa hekaluni, wakati wanawake wanafunga maua yatakayochomwa pamoja na mwili, Bunsi alimfuata Fai akamuuliza. Fai aliweka maua chini. Alisema kwamba kamati ile ilipokuwa karibu kulikubali daftari, Mwalimu Orathai aliitoa barua. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, yote, kwamba amepoteza kumbukumbu, kwamba familia inaomba asisikilizwe. Kisha akaisukuma mezani hadi mbele ya Dada Duan, akamuuliza, "Hii ni saini ya mdogo wako?"

Fai anasema Dada Duan aligusa jina lile kwa kidole.

"Hapana," akasema. "Mdogo wangu hawezi kuandika kitu kama hiki. Saini hii si yake."

Kamati iliiweka barua pembeni kama ya kughushi. Na kwa kuwa haikuwa imetiwa saini na Bunsi, ikabidi iwe imeghushiwa na aliyeileta. Kwa miaka minane Mwalimu Orathai ameishi na jina hilo. Kazi hakupata tena. Na katika miaka hiyo yote mwanamke aliyesomewa barua ile mbele ya watu watano alikuwa anachemsha mboga alfajiri kwa ajili ya aliyeitia saini.

Mwalimu Orathai amekuja leo. Amekaa safu ya tatu, karibu na feni, na hakuna aliyekaa viti vya pembeni yake. Basi, Mwalimu, mbele ya watawa, mbele ya mkurugenzi aliyekuja na basi, na mbele ya mwili wa marehemu, isikike: barua ile hukuighushi. Yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa ya uongo, lakini saini ilikuwa ya kweli. Ilitiwa Jumatano tarehe 2 Septemba 2015, saa kumi jioni, kwenye mkeka, na mtu mwenye akili timamu. Wanakamati watapewa maandishi haya kesho, yakiwa na saini ile ile chini yake ili wailinganishe.

Marehemu ameacha binti mmoja, Wanna Thipsing; mkwe mmoja, Anuchit; mjukuu mmoja, Pangrum, mwenye miaka tisa; na mdogo wake mmoja, Bunsi Inthawong, mwenye saini.

Mnaombwa msogee na maua sasa. Mwalimu Orathai atatangulia, familia itamfuata nyuma. Dada Duan na apumzike, na amani aliyotunyima sisi wengine kwa kusema kweli iwe yake yeye, yote.